Kabla ya Kupanda Mti Uluguru, Jua Umesimama Ukanda Gani

Waheshimiwa wenyeviti wa kamati za maliasili za vijiji, maofisa misitu, walimu, vijana wa vitalu, wazee wetu mlioshuka kutoka Mgeta, Kinole na Matombo: itifaki imezingatiwa. Asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za asubuhi kwa wote.

Masika yanakaribia, na kama ilivyo desturi miche itapakiwa kwenye malori kupelekwa milimani. Ombi letu ni kwamba kabla lori halijawashwa, tuulizane swali moja: mche huu unakwenda ukanda gani? Maana Uluguru haina msitu mmoja. Ina kanda zilizopandiana kuanzia mita 300 hivi upande wa Kimboza hadi zaidi ya mita 2,600 kileleni Kimhandu, na kila ukanda una miti yake, udongo wake, maji yake na namna yake ya kuumia. Dawa inayouponya ukanda mmoja huudhuru mwingine. Tukipanda bila kujua tumesimama wapi, miche inakufa, tunawalaumu mbuzi na jua, na mwaka unaofuata tunarudia kosa lile lile.

Tuanze na kinachozipanga kanda hizi.

Cha kwanza ni baridi. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Kutoka Morogoro mjini, penye mita 500, hadi Kimhandu, tofauti ni nyuzi 12 au 13. Lakini baridi peke yake haitoshi kueleza tunachokiona. Kilimanjaro msitu hupanda hadi karibu mita 3,000. Hapa kwetu, ukifika mita 2,000 miti imeshafupika na kujikunja. Sababu ni wingu. Bahari ya Hindi haifiki kilomita 200 kutoka hapa, milima yenyewe ni myembamba, na unyevu unaoletwa na pepo za bahari hugeuka wingu mapema, ukakaa chini na kukaa muda mrefu. Jua haliyafikii majani vya kutosha, udongo haukauki, una tindikali, na mizizi inakosa hewa. Kwa hiyo kanda za Uluguru zimeshushwa. Anayekuja na jedwali la kanda za Kilimanjaro kulitumia hapa atakosea kwa mamia ya mita.

Cha pili ni upande. Miteremko ya mashariki, inayoitazama bahari, hupata mvua inayozidi milimita 2,500 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaokauka kabisa. Morogoro mjini, upande wa pili wa mlima, mvua ya mwaka haifiki milimita 1,000. Kwa hiyo mtu akikwambia shamba lake liko mita 900, bado hujajua lolote la maana. Muulize: upande gani? Mita 900 za Kinole zinaotesha karafuu na mdalasini. Mita 900 za upande wa mji ni miombo na nyasi za kuungua.

Cha tatu ni mwamba, na hiki husahaulika. Uluguru haikutokana na volkano. Ni mwamba wa kale sana ulioinuliwa na mipasuko ya ardhi, na udongo wake umesafishwa na mvua kwa muda usiohesabika. Rutuba haiko chini. Iko juu, kwenye sentimeta chache za mboji ambazo msitu wenyewe huzitengeneza kila siku kwa majani yake. Tafadhali lishikeni neno hili, maana tutalirudia tukifika kwenye mashamba.

Utajuaje umesimama wapi? Simu yenye GPS inasaidia, lakini chini ya miti mirefu au bondeni inaweza kukosea kimo kwa makumi ya mita. Kifaa kinachopima kimo kwa mgandamizo wa hewa nacho hubadilika hali ya hewa ikibadilika, hata kama hujapiga hatua moja. Kwa hiyo asubuhi kirekebishe mahali ambapo kimo kinajulikana, na ukirudi jioni hakiki tena mahali pale pale. Kisha tumia macho, kwa sababu mimea haidanganyi. Angalia urefu wa paa la msitu: mita 30 hadi 40 chini, mita 20 na kitu katikati, mita 5 hadi 10 juu. Angalia ukubwa wa majani: yanapungua kutoka upana wa kiganja hadi ukucha wa kidole gumba. Angalia kuvumwani, yaani ule ukoka laini wa kijani unaofunika magome. Chini anakaa kwenye mawe ya mtoni tu. Ukipanda unamkuta kwenye mashina, upande mmoja. Ukipanda zaidi amezunguka shina zima na matawi yote, mpaka hulioni gome.

Sasa tupande.

Ukanda wa chini, hadi mita 800 hivi, una sura mbili. Upande mkavu ni miombo: Brachystegia na Julbernardia, mininga hapa na pale, magome mazito na mizizi inayokwenda mbali. Miombo inaujua moto. Imeishi nao. Kinachoiua ni moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa na ndimi zikifika kwenye matawi, tena mwaka baada ya mwaka bila kupumzika. Palipo na kibali na usimamizi, moto wa mapema, mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na ubichi, hupita chini na kuacha miti hai.

Na kwenye miombo, mara nyingi huhitaji mche hata mmoja. Chini ya ardhi kuna msitu mzima unaosubiri. Hapa ndipo kisiki hai kinapofanya kazi kuliko kitalu chochote. Tafuta kisiki kinachochipua. Katika machipukizi kumi au ishirini, chagua mawili hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, kata mengine kwa panga kali karibu na kisiki, kisha punguza matawi ya pembeni kwenye nusu ya chini ya kila chipukizi ulilobakiza. Funga kitambaa ili mchunga mifugo na mkata kuni waone kwamba kisiki hiki kina mwenyewe. Rudia kupogoa kila baada ya miezi michache. Kosa linalojirudia ni kubakiza machipukizi yote kwa huruma: yananyang'anyana maji, na baada ya miaka mitatu una kichaka badala ya mti. Kosa la pili ni kuyapogoa mpaka juu yakabaki kama fimbo, yakavunjwa na upepo wa kwanza.

Sura ya pili ya ukanda wa chini iko mashariki: msitu wa mvua wa nyanda za chini, ambao karibu wote umekwisha kuwa mashamba. Kilichobaki kinachojulikana zaidi ni Kimboza, takriban hekta 400 juu ya mawe ya chokaa, na tungependa kila mmoja wenu akapaone. Mawe yametoboka na kuchongoka, na katikati yake imesimama mikadi pori, Pandanus rabaiensis, yenye majani marefu yenye miiba pembeni. Katika makutano ya majani hayo na shina hukaa maji, na hapo ndipo anapoishi mjusi mdogo, Lygodactylus williamsi, asiyezidi urefu wa kidole. Dume ni wa buluu ya kung'aa, jike ana rangi ya kijani iliyofifia. Duniani kote hapatikani nje ya eneo hili dogo la chini ya Uluguru. Uzuri wake ndio ulioleta msiba: alikamatwa kwa maelfu kuuzwa ng'ambo kama mnyama wa kufugwa, na wakamataji, ili kumpata mmoja aliyejificha juu, waliukata mkadi mzima. Yaani walichukua mpangaji na nyumba wakaibomoa. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, zilimwingiza katika Kiambatisho cha Kwanza, hivyo biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikapigwa marufuku. Mkadi uliokatwa, hata hivyo, hauwezi kurudishwa na mkataba.

Kimboza ina adui wa pili, na huyu aliletwa na mikono ya watu wa misitu wenyewe. Ni Cedrela odorata, mti wa Amerika uliopandwa kwa ajili ya mbao. Mbegu zake zina mabawa, upepo unazipeleka, na popote mwanga ulipopenya zinaota na kukua haraka kuliko mti wowote wa asili. Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia panga na msumeno. Hapo ndipo mambo huharibika. Ukiuangusha mkubwa kwa pigo moja unafungua tundu kubwa la mwanga, na ndani ya tundu hilo mbegu mia za Cedrela zilizodondoka zinaota. Kisiki nacho kinachipua. Njia inayofaa ni ya taratibu. Ng'oa michipukizi midogo kwa mkono pamoja na mizizi, wakati udongo umelowa. Mikubwa ibandue gome kuzunguka shina lote, upana wa sentimeta 20 au 30, kwa kina cha kuvuka utando laini ulio chini ya gome, ili ife ikiwa imesimama na mwanga uongezeke kidogo kidogo. Fanya hivyo kabla vidonge vya mbegu havijapasuka. Kisha rudi kila miezi sita kwa miaka kadhaa. Mradi usio na fedha ya kurudi ni afadhali usianze kabisa.

Tukivuka mita 800 tunaingia katika ukanda unaotuuma zaidi, hadi mita 1,500 hivi. Msitu wake wa asili ulikuwa wa miti mirefu kuliko yote ya Uluguru: mnyasa, yaani Newtonia buchananii, wenye mizizi mipana kama kuta, Parinari excelsa, mshai wenye paa bapa, mkangazi kwenye mabonde. Huu ndio ukanda ambao binadamu naye anaupenda: hauna baridi kali, mvua ipo, malaria hupungua. Kwa hiyo leo ni mashamba kutoka Matombo hadi Mgeta, na msitu umebaki kwenye makorongo na mapembe yasiyolimika.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu kuna mambo mawili yaliyotokea ambayo kila anayegusa mteremko huu anapaswa kuyajua.

La kwanza ni la 1955. Serikali ya kikoloni, katika mpango wake wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya benchi, yaani ngazi pana zilizokatwa ardhini, kwenye miteremko. Kwenye karatasi matuta yale yalipendeza. Lakini kumbukeni tulichosema kuhusu mwamba. Kuchimba benchi kwenye udongo wa namna hii ni kuufukia ule wa juu wenye mboji na kuufunua wa chini, mwekundu, usio na chakula. Mahindi yakadumaa. Watu wakafanya kazi ngumu ili wavune kidogo zaidi, na mwaka huo wakagoma, ghasia zikazuka, mpango ukafa. Wapo waliosema Waluguru ni wakaidi wasiopenda hifadhi. Sisi tunasema walikuwa wameusoma udongo wao vizuri kuliko waliowaamuru.

La pili ni la Februari 1970. Kule Mgeta ilinyesha mvua ya takriban milimita 100 ndani ya saa tatu. Katika eneo dogo yalitokea maporomoko zaidi ya elfu moja. Watafiti waliokwenda kuyahesabu waligundua kwamba karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi. Yaliyoanzia ndani ya msitu hayakufika hata asilimia moja. Mengi yalikuwa ya kina kifupi, mita moja au moja na nusu: ngozi ya mlima imebanduka kutoka kwenye mfupa. Utaratibu wake ni huu. Maji yanaingia kwenye udongo uliolegezwa na jembe, yanashuka, yanakutana na tabaka gumu, yanashindwa kuendelea, na pale kwenye mpaka yanageuka kuwa utelezi. Mizizi ya mahindi haifiki huko. Mizizi ya miti inafika, inavuka mpaka na kushona tabaka mbili pamoja.

Kwa hiyo dawa ya ukanda huu ni mizizi mirefu kati ya mazao, iliyopangwa kwa kontua, yaani mistari inayoukata mteremko kwa kimo kile kile bila kupanda wala kushuka. Kupata kontua huna haja ya mtaalamu kutoka wilayani. Tengeneza fremu ya A kwa miti mitatu: miguu miwili ya mita 2 kila mmoja, iungane juu, na mti wa tatu uikate katikati kama mstari wa herufi yenyewe. Juu kabisa funga uzi, na mwisho wa uzi jiwe, lining'inie chini ya ule mti wa kati. Simamisha fremu juu ya vigingi viwili na weka alama mahali uzi unapogusa mti wa kati. Geuza miguu, mguu wa kulia uende kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Wengi huruka hatua hii ya kugeuza, na matokeo yake mstari wote unashuka kidogo kidogo, maji yanakusanyika mwisho wake, na penye kukusanyika ndipo korongo linapozaliwa. Mstari mbovu ni hatari kuliko kutokuwa na mstari.

Umbali wa mstari hadi mstari upime kwa jicho lako: simama kwenye mstari wa chini, tazama mbele sawasawa bila kuinua wala kuinamisha kichwa, na pale macho yako yanapogonga mteremko ndipo pa mstari unaofuata. Tofauti ya kimo itakuwa mita 1.5 hivi. Panda majani ya tembo au guatemala kwenye mistari hiyo, nayo yatashika udongo na kujenga ngazi yenyewe polepole, bila kuufukia udongo wa juu. Kati yake weka mishai, migomba, na upande wa mashariki midalasini, karafuu, pilipili manga. Mwenye eneo lenye kivuli apande na msambu. Uluguru ina aina ya msambu iliyopewa jina la milima hii, Allanblackia ulugurensis, na mbegu zake zina mafuta. Ila ajue mbegu za msambu ni nzito kuota, zinaweza kukaa miezi mingi kimya, na ukianza kuzifukua kuziangalia umezimaliza.

Na chemchemi je? Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 zisiguswe kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Hizo mita 60 zisijazwe mikaratusi. Tumeona mara nyingi mikaratusi ikipandwa kuzunguka chemchemi kwa sababu inakua haraka na inapendeza kwenye picha ya uzinduzi. Ni mti unaokunywa sana, na majani yake yakidondoka hayaachi kitu kingine kuota chini. Pakiachwa tu bila kulimwa, bila mbuzi, mimea ya maji itarudi yenyewe.

Tukivuka mita 1,500 tunaingia kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, takriban hekta 24,000, na hapa ndipo wingu linapoanza kazi. Mti mkuu ni mkulo, Ocotea usambarensis. Utaujua kwa jani: juu kijani kilichoiva, chini weupe, na mbao yake ikikatwa inanukia kafuri. Chini yake wamesimama kangaga miti, shina kama mnazi mwembamba na majani kama miavuli iliyofunguliwa. Katika ukanda huu, hasa upande wa kaskazini, anaishi ndege Malaconotus alius, ambaye nje ya Uluguru duniani hana kwingine. Na chozi wa Loveridge naye ni wa Uluguru peke yake. Wapo vyura wa jenasi ya Nectophrynoides ambao hawatagi majini. Mama anabeba mayai tumboni na kuzaa vyura wadogo waliokamilika, kwa sababu kwenye mteremko mkali madimbwi ni adimu na maji ya mto hukimbia mno.

Mkulo umekatwa sana kwa mbao, na watu wengi wanataka kuurudisha kwa mbegu. Mbegu zake huliwa na ndege na wadudu, na zinazobaki zinapoteza uhai upesi. Lakini mkulo una siri: mizizi yake huchipua. Kuzunguka mkulo mkubwa, au hata kisiki chake, utakuta wanawe wamesimama kwenye mizizi ile ile. Kazi yetu ni kuwapa nafasi: kata kwa mundu magugu yanayowafunika, kata mizabibu pori iliyowakaba, basi. Usipalilie kwa jembe, maana jembe linaukata mzizi unaomlisha mtoto.

Palipobaki uwazi mpana kabisa ndipo tunapanda, na miche itoke kwenye ukanda ule ule. Kusanya mbegu kutoka miti mama isiyopungua 30, iliyo mbali mmoja na mwingine angalau mita 50, ili msitu mpya usiwe wa ndugu watupu. Mbegu za msitu wa mvua hazihifadhiki kama mahindi. Zisia ndani ya siku chache. Kitalu kiwe kwenye kimo cha karibu na mahali pa kupanda. Mche uliooteshwa mjini kwenye joto la mita 500 una majani mapana na laini, na ukipelekwa mita 1,600 kwenye baridi na ukungu, kuvu wa magonjwa wanaumaliza kabla haujashika. Wiki tatu au nne kabla ya kupanda, punguza kivuli na maji kidogo kidogo uukomaze. Mche uwe na sentimeta 30 hadi 50. Shimo lisiwe pipa: sentimeta 30 zinatosha, kwa sababu kwenye mteremko uliolowa shimo kubwa ni bwawa dogo. Na mnapopima nafasi ya mita 3 kwa 3, pimeni usawa, msipime juu ya ardhi. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, mita 3 za usawa ni karibu mita 3 na nusu za ardhini. Wasiojua hilo hubananisha miche, kisha hesabu ya hekta haitoki 1,111 kama ilivyoandikwa kwenye taarifa.

Mianzi tuipite haraka, inaonekana kwa viraka juu ya hapo. Ila msiikate mianzi iliyovunjika na kujaa maji mkidhani mnasafisha. Ndani ya vile vikombe hutaga chura mdogo, Hoplophryne uluguruensis, na viluwiluwi wake hukulia humo humo.

Kuanzia mita 2,000 hivi, kama pale kileleni Bondwa, ni msitu mfupi wa wingu. Miti ina mita chache tu, imepinda, podo na jamaa zake, na kila tawi limevaa kuvumwani, okidi, na ndevu za kijivu za Usnea. Profesa Tamás Pócs, mtaalamu wa kuvumwani kutoka Hungaria, aliipima mimea hii inayoishi juu ya miti, na kazi yake ikachapishwa 1980. Kwenye msitu mrefu wa chini kidogo ya mita 1,500 alikuta takriban tani 2 kwa hekta, uzito mkavu. Kwenye msitu mfupi wa Bondwa alikuta karibu tani 14. Mvua moja inaponyesha, mavazi hayo yanashika maji ya makumi ya maelfu ya lita kwa hekta, kisha yanayaachia tone kwa tone. Na siku ambazo hakuna mvua, wingu likipita linachujwa na majani na kuvumwani, nalo linadondoka. Kipimo cha mvua kilichosimama mahali pa wazi hakiyaoni maji haya kabisa. Mto Morogoro unayaona. Bwawa la Mindu linayaona, na Ruvu, na kwa kupitia Ruvu mamilioni ya watu wa Dar es Salaam wanaofungua bomba asubuhi.

Kwa hiyo tuseme wazi: hakuna upandaji miti unaoweza kuutengeneza ukanda huu. Kitalu hakioteshi tani 14 za kuvumwani. Ukikata mti wenye unene wa mguu hapa umekata mti mzee sana, na umelitoa sifongo kwenye bomba. Kazi ya ukanda huu ni doria, mipaka inayoonekana, na njia chache. Kila njia mpya huingiza upepo mkavu, na kuvumwani hukauka pande zote mbili za njia kwa mita kadhaa.

Juu kabisa kusini kuna uwanda wa Lukwangule, mita 2,400 na zaidi, nyasi na vinamasi, wenye nyasi iliyopewa jina la uwanda wenyewe, Panicum lukwangulense. Udongo wake ni mweusi, umejaa mabaki ya mimea yasiyooza kwa baridi na maji. Ukikauka unaungua, na moto wake huenda chini kwa chini, ukionekana umezima kumbe unatembea. Moto wa nyasi ukigusa ukingo wa msitu hauingii ndani siku hiyo. Unaua mstari wa kwanza wa miti tu. Mwaka unaofuata nyasi zimeota penye mstari ule, na moto unaanzia hatua moja mbele. Hivyo ndivyo msitu unavyorudi nyuma bila shoka hata moja kusikika. Hapa dawa ni barabara ya moto kwenye nyasi, mita kadhaa kabla ya miti, ifyekwe kabla ya kiangazi kushika, na anayezima asiondoke mpaka ameweka kiganja chake kwenye udongo na kuukuta baridi.

Kesho, kwa watakaopanda pamoja nasi kupitia Morningside hadi Bondwa, tutaondoka saa 12 asubuhi. Chukueni koti la mvua hata kama mjini kumekucha jua, daftari, tepu ya kupimia, na kikombe cha kupimia maji cha mililita 250 kwa kila kundi. Kila mita 100 za kimo tutasimama, tutapima urefu wa paa, tutaandika miti mitano tunayoitambua na hali ya kuvumwani. Unene wa mti wenye mizizi ya ukuta upimwe juu ya kuta hizo. Mingine yote ipimwe mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko. Tukifika Bondwa, kila kundi litafute tawi lililokwisha kuanguka lenyewe, lichukue konzi moja ya kuvumwani, liikamulie kwenye kikombe na kuandika kipimo. Kisha mrudisheni pale pale mlipomtoa, uso wake wa kijani ukitazama juu.